Mjeledi Mkononi mwa Mwema: Wasomaji wa Voi na Hekaya ya Kati ya Shaaban Robert

Hekaya tatu za Shaaban Robert zilizojengwa juu ya nchi za kubuni zimezoeleka kutajwa pamoja, ingawa hazikutoka pamoja wala kwa mchapishaji mmoja. Kusadikika ilichapishwa mwaka 1951, Adili na Nduguze ikafuata mwaka 1952, na Kufikirika, iliyoandikwa kabla ya zote mbili, ikasubiri hadi mwaka 1967, miaka mitano baada ya mtunzi kufariki. Wasomaji ndio waliozifunga kuwa utatu, na hasa wasomaji vijana, maana shuleni ndiko zilikopata hadhira yake kubwa. Katika zote kuna mfalme, kuna nchi isiyopatikana katika ramani yoyote, kuna majina yanayofichua tabia za wenye kuitwa, na kuna jambo lisilo budi kuamuliwa kwa haki. Azisomaye kwa mfuatano wa kuchapishwa hukutana na Adili katikati, baada ya kesi ya Karama na kabla ya ugonjwa wa mwana wa mfalme wa Kufikirika.

Wahakiki hawakuitendea hekaya hii ya kati sawa na zile mbili zinazoizunguka. Kusadikika imeandikiwa mengi, kwa sababu si vigumu kuiona ndani yake serikali ya kikoloni ikishitakiwa na mtu asiyeweza kuishitaki waziwazi: wajumbe sita wanatumwa kutafuta maarifa pande zote za ulimwengu, wanarudi nayo, wanatiwa kifungoni. Kufikirika imependwa na wanaoshughulikia elimu na malezi. Adili na Nduguze imeachiwa watoto. Husemwa kuwa ni ngano ya majini. Kwamba chimbuko lake ni Alfu Lela Ulela. Kwamba wahusika wake ni bapa, mwema akiwa mwema tangu mwanzo na mwovu akiwa mwovu mpaka aadhibiwe. Hukumu hiyo haikosi ukweli. Lakini haielezi kwa nini kundi dogo la wasomaji mjini Voi liliisoma Kusadikika kwa heshima na utulivu, likafika kwa Adili na kubishana naye likizo nzima.

Kitabu cha kati kina taabu yake popote pale. Msomaji amekwisha kuzoea ugeni wa nchi aliyoingizwa, na bado mwisho wa safari uko mbali. Ursula K. Le Guin, katika hekaya zake za Earthsea ambazo kwa miaka mingi zilikuwa tatu tu, alimweka kando shujaa wa kitabu cha kwanza katika sehemu kubwa ya mwanzo wa kile cha pili, The Tombs of Atuan cha mwaka 1971, na mahali pake akamleta msichana aliyelelewa gizani kuhudumia nguvu zisizo na jina. Msomaji kijana aliyemfuata shujaa wake hadi hapo hujiona ametupwa. Shaaban Robert anatenda jambo linalokaribiana na hilo. Anaondoa baraza, anaondoa mashitaka na hotuba ndefu, anaingiza nyumba moja, usiku, na mtu mmoja mwenye mjeledi.

Yafaa kisa kikumbushwe kwa ufupi. Rai, mfalme wa Ughaibuni, anaona kuwa kodi ya Janibu haijafika, naye anamtuma Ikibali kwa Adili, mtawala wa huko. Ikibali anapokewa kwa taadhima kubwa. Usiku, anapodhaniwa kuwa amelala, anamwona mwenyeji wake akitwaa mjeledi na kuwachapa manyani wawili, kisha akilia nao na kuwalisha chakula kizuri. Habari inafika kwa Rai, Adili anaitwa, na siri inatoka. Manyani hao ni Hasidi na Mwivu, ndugu zake wa damu, waliomtosa baharini kwa kuona wivu juu ya mali yake na mchumba wake. Huria, binti wa mfalme wa majini, ambaye Adili alipata kumwokoa, ndiye aliyetaka kuwaua, Adili akawaombea, wakageuzwa wanyama badala ya kuuawa. Na ni Huria aliyeamuru kwamba Adili awapige kila usiku, akiiacha amri hiyo adhabu imrudie mwenyewe.

Mji wa Voi haukosi uhusiano na alikotoka mtunzi. Reli ya kutoka Mombasa ilipita hapo mwishoni mwa karne ya 19, na katika Vita vya Kwanza vya Dunia tawi likajengwa kutoka Voi kupitia Maktau na Taveta hadi kuungana na reli iliyotoka Tanga, pwani ileile alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909. Milimani Kidawida ndicho kisemwacho, na Kisagalla katika kilima cha Sagalla. Mjini Kiswahili ni cha soko, cha stesheni, cha kanisa na msikiti, na kwa vijana wengi ni cha nyumbani pia. Msomaji wa Voi hakifikii Kiswahili cha Shaaban Robert kama mgeni, bali kama mjukuu anayemsikiliza babu aliyevaa kanzu ya sikukuu.

Kundi lenyewe lilikuwa na vijana wanane wa kidato cha pili na cha tatu, mwalimu mstaafu wa Kiswahili aliyewakusanya barazani kwake, na jirani yake, mzee wa miaka themanini na kitu, ambaye mwanzoni alikuja kwa ajili ya chai. Nakala zilikuwa tatu. Kwa hiyo walisoma kwa sauti, kwa zamu, na huenda jambo hilo peke yake lilibadili mengi, kwa kuwa nathari ya Shaaban Robert iliandikwa kwa ajili ya sikio kuliko jicho. Sentensi inayoonekana nzito katika ukurasa hupata mizani yake inaposemwa.

Lawama ya kwanza ilihusu majina. Kijana mmoja kutoka Mwatate alisema kwamba Hasidi na Mwivu ni jina moja lililotajwa mara mbili; kwamba mtunzi angalimpa mmoja uhasidi na mwingine unyonge wa kumfuata mwenzake, hapo kungekuwa na ndugu wawili na siyo kivuli na kivuli chake. Mwalimu akamweleza habari ya majazi, na jinsi ngano za mwambao na utendi wa zamani zinavyompa mhusika jina ili msikilizaji asipoteze muda kumtafuta. Kijana alisikia, akashukuru, asishawishike. Na ni haki yake. Majazi yanaeleza kwa nini Adili aitwe Adili. Hayaelezi kwa nini wivu uhitaji miili miwili. Katika hekaya ya asili ndugu hao ni wawili, na inaelekea Shaaban Robert aliwachukua hivyo alivyowakuta. Hapo ndipo kitabu kilipo dhaifu zaidi.

Lawama ya pili ilikuwa ya wema wenyewe. Msichana aliye mzaliwa wa kwanza katika nyumba ya watoto sita alisema kuwa Adili humchosha. Anaibiwa anasamehe, anatoswa anasamehe, anaulizwa anajibu kwa adabu. Mtu wa namna hiyo, alisema, huwafanya wenziwe waonekane wabaya hata wakiwa watu wa kawaida tu. Wengine wakacheka, lakini maneno hayo yana uzito. Ni mara chache mhakiki kuthubutu kusema kwamba wema uliokamilika unaweza kuwa chanzo cha husuda kama vile mali ilivyo, wala hekaya yenyewe haisemi hivyo. Inamwacha msomaji mwenye wadogo zake aseme.

Wako pia waliokipenda kitabu bila masharti. Mmoja alitaka habari ya mji ambao watu wake wamegeuka mawe iendelee hadi mwisho, akaona kurudi kwa Rai na kodi yake ni hasara. Haya ndiyo maoni ya wasomaji wengi wa umri huo, na hayadai maelezo mengi.

Mabishano hasa yalianza kwa swali dogo la usomi. Mwalimu alikuwa amewaambia kuwa katika hekaya ya Kiarabu ndugu hao hugeuzwa mbwa. Kwa nini basi mtunzi akawafanya manyani? Majibu ya kwanza yalikuwa ya kawaida. Nyani anafanana na binadamu kuliko mbwa, kwa hiyo aibu ya kugeuzwa ni kubwa zaidi. Nyani ana mikono, huweza kujifuta machozi. Kijana wa Mwatate akaongeza kwamba kwao nyani ni mwizi wa mahindi. Hupigwa mawe, hafungwi wala halishwi, na kwamba mkulima yeyote wa Taita akisoma habari ya manyani waliokaa nyumbani kwa mtawala wakilishwa vizuri hucheka kabla ya kuhuzunika. Yote haya ni maoni ya maana. Mhakiki aliyekaa mjini asingalifikiria mahindi.

Hapo mzee akasema neno lake la kwanza kuhusu kitabu. Alitaka kujua kama mtunzi alilijua neno hilo lina maana gani kwa watu wa Voi.

Manyani ni jina la mahali. Pako kaskazini-magharibi ya Voi, kando ya barabara kuu ya Nairobi, katika nyika ya Tsavo, na hadi leo pana gereza. Hali ya Hatari ilitangazwa nchini Kenya Oktoba 1952, mwaka uleule ilipochapishwa Adili na Nduguze. Baada ya msako mkubwa wa Nairobi wa Aprili 1954, maelfu ya wanaume, wengi wao Wakikuyu, Waembu na Wameru, waliteremshwa Manyani. Kambi hiyo ilishika kwa wakati mmoja zaidi ya watu 10,000 waliozuiliwa bila kuhukumiwa. Mwaka huohuo homa ya matumbo ikaenea humo. J. M. Kariuki, aliyekuwa miongoni mwa waliozuiliwa Manyani, aliyasimulia maisha ya kambi katika kitabu chake cha mwaka 1963, Mau Mau Detainee. Kupigwa kulikuwa sehemu ya utaratibu wa kambi nyingi za wakati huo.

Kitabu kilitangulia kambi kwa miaka miwili, na mtunzi alikuwa karani wa serikali Tanga. Hakuwa na namna ya kujua. Mwalimu aliyasema hayo mara moja, kama ilivyompasa. Mzee akakubali, kisha akaeleza kuwa baba yake alikuwa askari wa gereza Manyani kwa muda wa miaka miwili. Alikuwa mtu wa ibada. Alirudi nyumbani mwisho wa mwezi, akawaletea watoto sukari, na hakuwahi kusema alichokifanya huko. Yeye, mwanawe, hajui kama baba yake alipiga mtu. Anajua kwamba alipewa kiboko pamoja na kofia, na kwamba kiboko hicho kilining'inia nyuma ya mlango. Ndipo akatoa hukumu iliyowagawa vijana makundi mawili: kwamba Adili si mwema hata kidogo. Ni mtu aliyeamriwa apige, naye akapiga kila usiku, na machozi yake hayakumpunguzia maumivu aliyepigwa.

Hukumu hii haimo katika tahakiki zilizozoeleka za kitabu hiki. Adili huchukuliwa kuwa kielelezo cha utu, na mjeledi wake kuwa kifaa cha ngano tu, kama vile pete ya kichawi au zulia lirukalo. Mzee aliuondoa mjeledi katika ngano akauweka nyuma ya mlango wa nyumba anayoijua. Mtu anaweza kusema kuwa huku ni kukisoma kitabu kwa jambo lisilomo ndani yake. Lakini swali lake lilikuwa limo: je, atendaye ubaya kwa amri, huku akilia, anabaki kuwa mwema?

Waliomtetea Adili walikuwa na hoja nzuri. Msichana mzaliwa wa kwanza, aliyekwisha kusema kuwa Adili humchosha, ndiye aliyekuja mbele kumtetea. Alikumbusha kwamba bila maombi ya Adili nduguze wangaliuawa. Kwamba amri ilitoka kwa Huria mwenye uwezo juu yake. Kwamba akikataa ataadhibiwa yeye na pengine wao pia. Na kwamba mtu hakupewa chaguo jema, alipewa machaguo mawili mabaya akachagua lenye uhai ndani yake. Mzee alimsikiliza hadi mwisho. Akajibu kwamba ndivyo hasa baba yake angalisema, kama angalipata kusema.

Jibu hilo lilimkata msichana kauli, na si ajabu. Katika Kusadikika msomaji anajua asimame wapi: Karama yuko kizimbani, Majivuno ndiye mshitaki, wajumbe wako kifungoni, na kila mwenye moyo yuko pamoja na waliofungwa. Katika Kufikirika pia dhuluma inatoka juu, kwa mfalme na washauri wake wanaotafuta watu wawili wa kuchinjwa kafara ili mtoto wa kifalme apone. Hekaya ya kati ndiyo pekee inayoutia mjeledi mkononi mwa mtu tunayeombwa tumpende. Hakuna mahali pa msomaji kusimama kwa raha. Wanaosema kuwa ni kitabu cha watoto hawakosei kuhusu wasomaji wake. Wanakosea wakidhani kwamba kwa sababu hiyo ni kitabu chepesi.

Mwalimu aliingia katika mabishano kwa njia nyingine, ya kwao. Miaka ya 1950 hadi 1952, Shaaban Robert alipokuwa akitoa hekaya zake mbili za kwanza, mwanaanthropolojia Grace Harris alikuwa akikaa katika milima ya Taita. Kitabu alichokitoa baadaye, Casting Out Anger cha mwaka 1978, kinahusu imani ambayo wazee wengi wa Taita hawahitaji kusomewa: kwamba hasira iliyomo moyoni mwa ndugu wa karibu, hata isiposemwa, huweza kuleta maradhi na mikosi, na kwamba dawa yake ni kutasa, yaani mwenye hasira kuchukua kinywani kinywaji kidogo, pombe au maji ya miwa au maji matupu, na kukipuliza nje pamoja na maneno ya heri, ili aitoe hasira moyoni mwake kwa hiari. Mwalimu alimkumbuka nyanya yake akifanya hivyo uani asubuhi, kabla ya jua kupanda Sagalla.

Kwa mizani hiyo, alisema, swali la kwanza ni hasira ya kisa hiki ni ya nani. Siyo ya Adili, kwa maana yeye hana kinyongo. Siyo tena ya Hasidi na Mwivu, ambao mtu hajui wanawaza nini chini ya ngozi ya mnyama. Ni ya Huria. Mwenye hasira yuko mbali, katika ulimwengu wa majini. Aliyebaki nyumbani anaipokea na kuitekeleza kwa mkono wake. Hasira ya mtu mmoja haitoki kwa mtu mwingine kupigwa, wala kwa mtu wa tatu kulia. Ndiyo sababu usiku mmoja haumalizi kitu, na usiku unaofuata mjeledi unachukuliwa tena. Anayesoma hivi anaona kwa nini suluhisho la kitabu haliwezi kutoka kwa Adili hata angekuwa mwema mara mbili ya alivyo. Linatoka pale Rai anapomwandikia Huria, na Huria anapoiachilia hasira yake kwa shauri la baba yake, mfalme wa majini.

Usomaji huu unafaa kuliko ule wa maadili uliozoeleka, na unafaa hata pale unapomwacha Adili na sehemu ya lawama ya mzee. Hauwezi kumsafisha. Unaonyesha tu kuwa wema wake na ukatili aliouchukua mkononi vinakaa katika nyumba moja, na kwamba mtunzi, kwa kujua au kwa kutojua, alikataa kuvitenga.

Mwisho wa hekaya nao ulijadiliwa, ingawa kwa muda mfupi. Katika Alfu Lela Ulela ndugu wanaorudishiwa ubinadamu hawabadiliki. Wanamgeukia tena ndugu yao wakitaka kumuua, na hatima yao ni adhabu ya kifo. Shaaban Robert hakufuata njia hiyo. Hasidi na Mwivu wanatubu, wanapokewa, na kisa kinaishia katika upatano. Vijana watano kati ya wanane waliuona mwisho wa Kiarabu kuwa wa kweli zaidi. Mmoja alisema kuwa toba ya mtu aliyechapwa kila usiku haina thamani, kwa sababu hakuna njia ya kujua kama ametubu au amechoka. Hoja hiyo ni kali, na kitabu hakina jibu kwayo. Kinachoweza kusemwa ni kwamba mtunzi aliyebadili mwisho huo alikuwa kwa miaka mingi akiandikiana na mdogo wake, Yusuf Ulenge. Barua zake kwake za tangu 1931 hadi 1958 zilichapishwa mwaka 2002. Mtu aliyetunza udugu kwa kalamu kwa zaidi ya robo karne, tena katika siku za ufukara na misiba, hakuwa tayari kuwaua ndugu wawili kwa ajili ya kutimiza kanuni ya ngano. Kwa mhakiki huu ni udhaifu wa fani. Kwa mtu mwenye ndugu, pengine si udhaifu.

Mwalimu mwenyewe ana kaka huko Sagalla. Kwa muda wote wa mabishano alimtaja mara moja, akieleza kwamba hawajasemezana tangu baba yao azikwe na shamba kugawanywa, na kwamba hakuna jini yeyote aliyewaamuru hivyo. Kisha akamwomba kijana aliyeshika kitabu aendelee kusoma.

Neno la mwisho la mzee kuhusu mjeledi lilikuja likizo iliyofuata, walipokwisha kuanza Kufikirika. Alikuwa amekumbuka kwamba tarehe 6 Juni 2013 serikali ya Uingereza, kwa kinywa cha William Hague aliyekuwa waziri wa mambo ya nje, ilieleza bungeni majuto yake kwa mateso yaliyotendwa katika kambi za Kenya, na kukubali kulipa pauni milioni 19.9, gharama zikiwemo, kwa walalamikaji 5,228. Alisikiliza habari hiyo redioni. Alisema kuwa katika kitabu wanaotubu ni waliopigwa, na kwamba kwa hesabu yake jambo hilo limekaa kinyume. Kijana wa Mwatate akamwambia kwamba Hasidi na Mwivu walikuwa na kosa la kutubia, walimtosa mtu baharini. Watu wa Manyani wengi hawakuonyeshwa hata kosa lao mbele ya hakimu. Mzee akasema hiyo ndiyo tofauti, na hakuna atakayemwondolea.

Insha ambazo vijana waliziandika baada ya hapo hazikumhusu sana Adili. Tatu zilikuwa juu ya mji wa mawe. Moja, ya msichana mzaliwa wa kwanza, ilikuwa juu ya Ikibali, mhusika ambaye wahakiki humpita kama mtu anayepita mlango ili aingie chumbani. Aliandika kwamba katika kitabu kizima ni Ikibali tu asiyepiga, asiyepigwa na asiyetoa amri. Kwamba angaliweza kufumba macho akalala, kwa kuwa alikuwa mgeni aliyekirimiwa vizuri na mambo ya nyumba ya mwenyeji hayakuwa yake. Na kwamba kama angalinyamaza, manyani wangalipigwa hadi leo. Mzee aliomba asomewe insha hiyo mara mbili. Mara ya pili aliuliza kama Ikibali aliogopa aliposimama pale gizani akitazama. Wakafungua kitabu kutafuta.